Sangara, Ngege na Mafunjo ya Yala

Mwaka 1927 Michael Graham, mtaalamu wa uvuvi kutoka Uingereza, alifika Ziwa Victoria kutafuta jibu la swali moja: kwa nini samaki aitwaye ngege anapungua? Alilizunguka ziwa mwaka huo na uliofuata, akatega nyavu za matundu ya kila kadiri, akawapima samaki na kuwaainisha. Ni yeye aliyempa ngege jina la kisayansi. Ripoti yake ilitoka mwaka 1929, na pamoja na ushauri kuhusu nyavu ilikuwa na onyo lisilo na mafumbo: kumleta ziwani samaki mkubwa mla samaki wenzake kutoka maji mengine ni hatari kubwa mno, na asithubutu mtu kufanya hivyo kabla ya utafiti wa kina.

Miaka 25 baadaye, sangara, samaki wa aina hiyohiyo, alikuwa njiani.

Kabla ya reli, wenyeji wa mwambao walivua kwa zana walizozitengeneza wenyewe. Walikuwa na migono ya fito, ndoana, nyua za miti zilizoziba mito, na makokoro yaliyosukwa kwa mafunjo na kuburutwa hadi ufukweni na kundi la watu. Samaki walikuwa wa aina nyingi. Kulikuwa na kamongo, anayestahimili ukame ndani ya matope, na kambare, na mbiru. Ningu aliishi ziwani, lakini mvua zikianza alipanda mito kama Nzoia na Kagera kwenda kutaga. Furu, samaki wadogo wasiofika hata shibiri moja, walikuwa kitoweo cha kila nyumba. Huko Buganda, ambako huitwa nkejje, waliokaushwa walipewa watoto wenye surua. Lakini aliyethaminiwa kuliko wote alikuwa ngege, perege mnono anayekula mwani na ambaye jike lake hulea mayai na vifaranga kinywani.

Reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu Desemba 1901. Mwaka 1905 zikaja nyavu za kutega za kitani, na kwa nyavu hizo na treni ngege akapata soko mbali na ziwa. Katika Ghuba ya Winam, upande wa Kenya, samaki walianza kupungua mapema, na ndiyo sababu Graham aliitwa. Alipendekeza matundu ya nyavu yasipungue inchi 5, ili ngege apate walau kuzaa kabla ya kunaswa. Sheria ikatungwa, lakini kusimamia ufuo wa maelfu ya kilomita kuligeuka kuwa kazi kubwa kuliko maofisa waliokuwapo. Katika miaka ya 1950 nyavu za nailoni zilipoingia, Uganda na Tanganyika ziliifuta kanuni hiyo, na Kenya ikafuata baadaye. Ngege wachanga wakaanza kuvuliwa kwa wingi. Ningu naye akategwa kwenye midomo ya mito, akiwa na tumbo la mayai, na mito iliyojulikana kwa samaki huyo ikabaki bila kitu.

Ni muhimu kulikumbuka hilo. Mgeni hakuingia katika ziwa lenye afya tele. Aliingia katika ziwa ambalo samaki wake bora walikuwa wamekwisha kupunguzwa na nyavu, na upungufu huohuo ndio uliotumiwa kama hoja ya kumleta.

Sangara alikuwa mgeni Victoria, si Afrika Mashariki nzima. Aliishi Ziwa Albert, Ziwa Turkana na katika Mto Nile chini ya Maporomoko ya Murchison. Maporomoko hayo ndiyo yaliyomzuia kupanda hadi Kyoga na Victoria. Ni samaki anayeweza kufikia urefu wa mita 2 na uzito wa kilo 200, na jike moja hutaga mayai kwa mamilioni. Furu jike, kwa upande wake, hulea mayai machache kinywani. Hesabu hiyo peke yake ilitosha kumfanya mtu asite.

Maofisa wa idara ya wanyamapori na uvuvi ya Uganda hawakusita. Machoni mwao furu walikuwa samaki takataka: wengi, wadogo, wenye miiba, wasio na bei. Wakafikiri kwamba sangara angewala furu na kuwageuza kuwa nyama ya kuuzika, tena angewafurahisha wazungu waliopenda kuvua kwa fimbo. Waliopinga walikuwa watafiti wa kituo cha uvuvi cha Jinja kilichoanzishwa mwaka 1947. Mmoja wao, Geoffrey Fryer, aliandika makala mwaka 1960 akieleza kwa nini mpango huo haufai. Samaki mla samaki, alisema, hula kilo nyingi za wenzake ili apate kilo moja ya mwili wake, kwa hiyo ziwa litatoa chakula pungufu. Tena furu na ngege hawakuwahi kuishi na adui wa aina hiyo, wala hawakuwa na namna ya kujikinga naye.

Wakati mjadala ukiendelea, jambo lilikuwa limekwisha kufanyika. Ushahidi uliokusanywa miaka mingi baadaye unaonyesha kwamba sangara walitolewa Ziwa Albert na kumwagwa kimyakimya katika maji ya Uganda kuanzia mwaka 1954. Mwaka 1960 wakaanza kunaswa ndani ya Victoria. Kwa kuwa walikuwa wamekwisha kuingia, serikali ziliona hakuna tena la kulinda: mwaka 1962 na 1963 wakaongezwa rasmi, Entebbe na Kisumu. Katika miaka hiyohiyo ya 1950 waliletwa pia perege wageni, akiwemo yule ambaye leo watu wa Mwanza humwita sato.

Kwa takriban miaka 20 hakuna lililoonekana kubadilika. Utafiti wa kukokota nyavu uliofanywa ziwa zima mwaka 1969 hadi 1971 ulikuta kwamba furu ni kama asilimia 80 ya uzito wa samaki wote wa chini. Walikuwa wengi kiasi kwamba mwaka 1976 kilifunguliwa kiwanda Mwanza cha kuwasaga kuwa chakula cha mifugo. Mwaka uliofuata wanabiolojia wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, wakaja kufanya kazi na Watanzania katika Ghuba ya Mwanza, nia yao ikiwa kujua ni spishi ngapi zinazoishi humo na zinavyogawana chakula. Walikuta furu walao konokono, walao mwani, walao wadudu, walao magamba ya samaki wengine, hata wanaonyonya vifaranga kutoka vinywani mwa majike ya wenzao. Ziwa zima lilikuwa na spishi zaidi ya 500 za furu, karibu zote zisizopatikana popote pengine duniani. Na ajabu ni kwamba ziwa lenyewe lilikauka kabisa miaka ipatayo 15,000 iliyopita. Uwingi wote huo ulizuka baada ya maji kurudi, kwa kasi isiyo na mfano unaojulikana miongoni mwa wanyama wenye uti wa mgongo.

Kisha sangara akalipuka. Alianzia Winam mwishoni mwa miaka ya 1970, akaenea maji ya Uganda, na kati ya mwaka 1983 na 1986 akaifunika Ghuba ya Mwanza. Watafiti waliokuja kuorodhesha spishi walijikuta wakishuhudia kutoweka kwake. Nyavu zilizokuwa zikija zimejaa furu zikawa zinapanda bila hata mmoja. Wataalamu walikadiria kwamba spishi zipatazo 200 zilipotea, nyingi zikiwa hazijapewa hata jina. Ni miongoni mwa maangamizi makubwa ya wanyama wenye uti wa mgongo yaliyoshuhudiwa katika karne ya 20.

Furu mmoja aliyepona anafaa kutazamwa kwa karibu. Mwaka 1985 wanasayansi walimwainisha furu wa visiwa vya mawe vya Ghuba ya Mwanza na kumpa jina la nyererei, kwa heshima ya Mwalimu Julius Nyerere. Dume lake lina mgongo mwekundu na mbavu za manjano zenye milia myeusi. Jirani yake, pundamilia, anafanana naye karibu kwa kila kitu isipokuwa rangi: dume lake ni la bluu ya kijivujivu. Majike humtambua mwenzi kwa rangi, na hilo ndilo linalozitenga spishi hizi mbili. Lakini mbolea na udongo wa mashamba, majitaka ya miji na kutoweka kwa wala mwani vimeyatia maji ukungu wa kijani. Mwaka 1997 Ole Seehausen na wenzake walionyesha kwamba kwenye visiwa vyenye maji machafu majike hawazitofautishi vizuri rangi, na spishi huanza kuchanganyika. Sangara hakuwafikia wote, ila uchafu unaweza kuwamaliza hao waliojificha kwenye mawe.

Itakuwa dhuluma kusema kwamba sangara alileta hasara tupu. Viwanda vya minofu vilijengwa Mwanza, Kisumu, Jinja na kwingineko, na samaki akawa miongoni mwa bidhaa kubwa za kuuzwa nje. Mialo iliyokuwa na mitumbwi michache ikawa miji. Mabondo, vile vibofu vya hewa vya sangara, yanauzwa Mashariki ya Mbali kwa bei inayozidi nyama yenyewe. Lakini minofu ilipopanda ndege kwenda Ulaya, sehemu ya waliobaki ufukweni walinunua vichwa na mifupa: mapanki kwa watu wa Mwanza, mgongo wazi kwa watu wa Kisumu. Wanawake waliokuwa wakianika furu juani walikuta kwamba sangara ana mafuta mengi na hakaushiki hivyo. Hana budi abanikwe, na kuni zikakatwa visiwani na mwambaoni. Leo kitoweo cha bei nafuu kinachotegemewa na wengi ni dagaa, samaki wa asili aliyevumilia yote.

Wengine wa asili walinusurika wapi? Jibu limo kwenye mafunjo. Sangara anahitaji maji yenye hewa ya oksijeni kwa wingi, na maji yaliyotuama chini ya mafunjo yana oksijeni kidogo sana. Furu kadhaa na ngege huyavumilia. Uganda liko Ziwa Nabugabo, dogo, lililotengwa na Victoria kwa ukanda wa mchanga kwa miaka elfu kadhaa, lenye furu wake lenyewe. Sangara alipelekwa humo pia mapema miaka ya 1960, na samaki wa maji ya wazi wakaangamia. Waliobaki walikutwa ndani ya mabwawa na vijiziwa vya kandokando, nyuma ya ukuta wa mafunjo.

Mfano mkubwa zaidi uko Kenya. Ziwa Kanyaboli, lenye eneo la kilomita za mraba 10 hivi, limefichwa na kinamasi cha Yala katika kaunti ya Siaya. Sangara hakukivuka. Ngege, ambaye katika ziwa kuu ametoweka karibu kabisa, bado anavuliwa humo, pamoja na furu ambao hawaonekani tena Victoria. Mwaka 2010 Kanyaboli lilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa. Hata hivyo kinamasi chenyewe kimekuwa kikimegwa tangu miaka ya 1960, hekta zipatazo 2,300 zilipokaushwa kwa kilimo, na mipango ya mashamba makubwa imerudi mara kwa mara. Kila ekari ya mafunjo inayofyekwa ni sehemu ya ukuta inayobomolewa.

Hatari ya pili haina meno. Sato huzaana na ngege na mbiru, na watoto wao huwa machotara. Akimwagwa katika ziwa dogo au akatoroka kwenye bwawa la ufugaji mafuriko yanapokuja, ngege anaweza kupotea bila kuliwa na yeyote, kwa kumezwa na damu ya mgeni. Na ngege mwenyewe ana funzo la kutoa: alipelekwa na watu hadi bwawa la Nyumba ya Mungu katika bonde la Pangani, ambako yeye sasa ndiye mgeni mbele ya perege wa asili wa mto huo.

Zipo dalili za heri. Tangu miaka ya 1990, uvuvi ulipowapunguza sangara wakubwa, baadhi ya furu wamerudi. Mmojawapo, pyrrhocephalus, amerudi akiwa na matamvua makubwa kuliko ya babu zake na mlo tofauti, mabadiliko yaliyotokea ndani ya vizazi vichache tu. Mwaka 1994 nchi tatu zilianzisha Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria, lenye makao Jinja, na sheria za pamoja zikakataza kuvua sangara wa chini ya sentimita 50. Lakini hakuna anayeamini kwamba sangara ataondolewa. Mamilioni ya watu wanamtegemea.

Kwa hiyo kazi iliyobaki inafahamika. Serikali za Kenya, Uganda na Tanzania ziyaorodheshe maziwa yote madogo yanayolizunguka Victoria na kupiga marufuku kumwaga humo samaki wa nje, hata awe na faida gani kwenye karatasi. Vituo vya umma vya kuzalisha vifaranga viwe na ngege na ningu, si sato peke yake. Yala isikaushwe zaidi. Na mwananchi wa Siaya, Masaka au Mwanza akisikia kwamba kuna samaki mpya anayeletwa katika ziwa la kwao, aulize hadharani nani aliyefanya utafiti na uko wapi, kabla ndoo ya kwanza haijamwagwa.