Chelewa za Fagio la Bibi

Nyumbani kwetu Tanga, fagio la bibi lilikonda kila msimu wa kusi ulipoingia. Bibi aliijua sababu, na mkosaji alimjua. "Wee mtoto," alimwambia kaka yangu, "ukinimalizia chelewa zangu, uwanja huu utaufagia kwa vidole."

Kaka hakujibu. Alikuwa nyuma ya jiko, amechuchumaa, anazipinda chelewa moja moja. Iliyokauka mno aliitupa, maana ingevunjika. Mbichi nayo aliiweka kando, maana ilikuwa nzito. Alizobakiza alizikingamanisha, akazifunga kwa uzi wa cherehani, kisha akaliweka fundo juu ya ncha ya kidole. Upande mmoja ukilalia chini, aliukwangua kwa wembe kidogo kidogo mpaka zikatulia. Ndipo alipotandaza gazeti juu yake na kuligandisha kwa uji mzito wa unga wa ngano. Mkia ulikuwa vipande vya khanga kuukuu ya mama. Kufika alasiri, tiara ilikuwa juu ya minazi.

Wengine huiita kishada. Sisi tulisema tiara, na mtaani kwetu hakuna aliyeirusha kumzidi kaka. Akiwa darasa la sita aligundua kwamba tiara moja ikishatulia juu, uzi wake unaweza kufungwa mgongoni mwa tiara ya pili, na hiyo ya pili ikapanda ikiisukuma ya kwanza juu zaidi. Siku hiyo alirusha tatu kwa mpigo. Ile ya juu kabisa ilikuwa ndogo kama nzi.

Ya tatu aliitengeneza kwa karatasi za daftari la hesabu. Kesho yake mwalimu aliichana mbele ya darasa zima. Mwisho wa muhula ripoti ilikuja na mstari mmoja ambao mama aliusoma mara mbili: anapenda mchezo kuliko masomo. Kaka hakuendelea na sekondari. Mimi, niliyekuwa namshikia uzi, niliendelea.

Miaka mingi baadaye, chuoni, nilimkuta kaka ndani ya kitabu cha historia ya sayansi. Humo alikuwa na jina jingine, na mahali palikuwa Scotland.

Ilikuwa mwaka 1749, karibu na mji wa Glasgow. Alexander Wilson alipata riziki kwa kusubu herufi za risasi za kupigia chapa. Rafiki yake, Thomas Melvill, alikuwa mwanafunzi wa miaka ishirini na kitu. Wawili hao walitaka kujua jambo ambalo leo tunalichukulia kuwa la kawaida: je, ukipanda juu angani, joto linabadilikaje? Ndege hazikuwapo. Hata puto la kubeba watu lilikuwa bado. Lingekuja mwaka 1783. Wao walikuwa na karatasi, vijiti na uzi.

Walitengeneza vishada sita hivi vya karatasi, vyenye urefu wa kati ya futi 4 na 7. Walikirusha cha kwanza, kilipotulia wakaufunga uzi wake mgongoni mwa cha pili, halafu cha tatu, hivyo hivyo mpaka cha mwisho. Niliposoma hapo nilifunga kitabu, nikakaa kimya. Ilikuwa treni ile ile ya kaka.

Kwenye vishada walining'iniza vipimajoto vilivyofungwa ndani ya matamvua ya karatasi ili visivunjike vikianguka. Kila kimoja kilishikiliwa na utambi unaoungua polepole. Utambi ukiisha, kipimajoto kinadondoka, nao wanakimbia kukiokota na kukisoma. Tukio hilo hutajwa kuwa miongoni mwa mara za mwanzo kabisa kishada kutumika kupima hali ya hewa. Mwaka 1760 Wilson, msubu herufi, alifanywa profesa wa kwanza wa astronomia katika Chuo Kikuu cha Glasgow. Hakuna aliyemwandikia kwamba anapenda mchezo.

Wilson na Melvill hawakubuni kishada. Wachina walikijua zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, kwa mianzi na hariri. Kinachonivuta katika historia yake ni kwamba kila zama mtu huanza na kilichomo nyumbani, na uchaguzi wake huwa na sababu.

Mtazame Benjamin Franklin, mpiga chapa wa Philadelphia aliyeacha shule akiwa na miaka 10. Mwezi Oktoba 1752 gazeti lake, Pennsylvania Gazette, lilichapisha maelezo mafupi ya kutengeneza kishada cha kuthibitisha kwamba radi ni umeme. Chukua vijiti viwili vyembamba vya mwerezi, uvikingamanishe. Chukua leso kubwa ya hariri, ufunge pembe zake nne kwenye ncha za vijiti. Weka mkia, weka uzi. Kwa nini hariri? Si kwa fahari. Kishada hicho kilikusudiwa mvua na upepo wa dhoruba, na karatasi ingeraruka. Mwisho wa uzi wa katani palifungwa ufunguo, kisha utepe wa hariri wa kushikia, na mshikaji alitakiwa kusimama mlangoni ili utepe usilowe. Mwerezi, leso, ufunguo: mtu angeweza kuvikusanya bila kutoka nje ya geti.

Wapo wanahistoria wanaotilia shaka kama Franklin mwenyewe alikirusha, kwa kuwa masimulizi kamili ya siku hiyo yalitolewa na Joseph Priestley mwaka 1767, miaka 15 baadaye. Hatari yake haina shaka. Mwaka 1753 mtaalamu Georg Wilhelm Richmann aliuawa na radi mjini Saint Petersburg alipokuwa akichunguza umeme wa mawingu kwa fimbo ya chuma iliyounganishwa na nyumba yake. Bibi alituzuia kurusha tiara mawingu yakifunga, wala hakuwa amesikia habari za Richmann.

Kisa ninachokipenda zaidi kilitokea Niagara, kwenye korongo linalotenganisha Marekani na Kanada. Mhandisi Charles Ellet alitaka kujenga daraja la kuning'inia. Korongo lilikuwa na upana wa mita zipatazo 240, kuta zake ni majabali, na chini mto unachemka. Waya wa kwanza utavukaje? Wazo lililoshinda lilikuwa mashindano ya vishada, yenye zawadi ya dola chache.

Mapema mwaka 1848, kijana wa miaka 15 hivi, Homan Walsh, alivuka kwenda upande wa Kanada ili apate upepo unaomfaa. Kishada chake kilivuka korongo, lakini uzi ulikatika kwenye barafu. Barafu hiyo hiyo ilizuia kivuko, akakwama ng'ambo siku kadhaa, mbali na kwao. Njia ilipofunguka alirudi, akakitengeneza kishada, akaenda kujaribu tena. Safari hii uzi ulifika. Kwa uzi huo walivuta kamba nene kidogo, kwa kamba hiyo nyingine nene zaidi, mpaka ukavuka waya. Mwaka 1855 daraja la John Roebling lililojengwa mahali hapo lilipitisha treni. Ndani ya mabehewa, ni wangapi waliowaza habari za uzi wa mtoto?

Idd iliyopita nilikwenda Tanga. Kaka sasa ni fundi wa kuchomelea. Mageti ya mtaa mzima yametoka mikononi mwake. Nilimkuta karakanani na mwanawe, chini pametapakaa magazeti. Enzi fulani watoto walipenda mifuko ya rambo, maana haikuogopa mvua, lakini tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko hiyo imepigwa marufuku, nao wamerudi kwenye karatasi.

"Baba mdogo, shika hapa," mtoto aliniambia, akanipa uzi kama baba yake alivyokuwa akinipa.

Nikamsimulia kaka habari za Wilson, za vishada sita na vipimajoto. Nilitaka kumwambia kwamba ripoti ile ilikosea, ila maneno yalinigoma, nikaishia kwenye hadithi. Alisikiliza huku akilisawazisha fundo la chelewa kwenye ncha ya kidole.

"Hivyo vya chini alivipa mkia, au alimpa wa juu peke yake?" aliuliza.

Nilifikiri. Sikukumbuka kusoma popote habari za mikia.

"Basi aliyeandika hicho kitabu," kaka alisema, akichukua wembe, "hajawahi kurusha."