Jinsi ya kuandaa kikao cha kuonja mvinyo mweupe wa Ugiriki mtandaoni

KUONJA mvinyo kwa pamoja ni desturi iliyozoeleka kufanyiwa mezani. Hata hivyo, janga la Covid-19 lilipofunga mipaka na hoteli mwaka wa 2020, wauzaji na walimu wengi wa mvinyo walihamishia vikao vyao mtandaoni.

Skrini hupitisha sauti na picha, lakini haipitishi harufu wala ladha. Kwa hivyo, ufanisi wa kikao cha aina hii huamuliwa kabla ya kompyuta kuwashwa: kila mshiriki sharti awe na mvinyo ule ule, wenye ubaridi ule ule, na auonje kwa mpangilio mmoja na wenzake.

Mvinyo mweupe wa Ugiriki hufaa mno kwa shughuli hii kwa kuwa zabibu zake hutofautiana waziwazi. Hata asiye mzoefu huweza kuzipambanua. Chupa nne zinatosha.

Ya kwanza ni Moschofilero, kutoka uwanda wa juu wa Mantinia katika rasi ya Peloponnese. Ganda la zabibu hii lina rangi ya waridi, na mvinyo wake ni mwepesi, wenye harufu ya maua ya waridi.

Ya pili ni Malagousia, yenye harufu ya matunda na majani mabichi. Zabibu hii nusura itoweke. Katika miaka ya 1970, Profesa Vassilis Logothetis aliihifadhi mizabibu yake, naye mtaalamu Vangelis Gerovassiliou akatengeneza mvinyo kutokana nayo katika shamba la Porto Carras. Baadaye aliikuza kwao Epanomi, karibu na Thessaloniki.

Ya tatu ni Assyrtiko ya kisiwa cha Santorini. Mvinyo huu ni mkavu, wenye nguvu na uchachu mkali kama wa limau, na wengi huhisi ndani yake ladha ya chumvi.

Ya mwisho ni retsina, ambayo aghalabu hutengenezwa kwa zabibu ya Savatiano ya eneo la Attica na kutiwa utomvu wa msonobari. Haipaswi kutangulia, maadamu ladha ya utomvu hukaa kinywani na kuficha ile inayofuata.

Mintarafu vipimo, chupa ya mililita 750 hutoa vionjo 15 vya mililita 50. Iwapo mwandalizi atagawa mvinyo katika vichupa, vichupa hivyo viwe safi, vijazwe hadi shingoni na kufungwa barabara, kwani hewa huharibu harufu. Visambazwe siku iyo hiyo au kesho yake. Washiriki wakiwa katika nchi mbalimbali, ni heri kila mmoja anunue chupa yake, almuradi zabibu, eneo na mwaka wa mavuno vilingane.

Moschofilero, Malagousia na retsina huonjwa zikiwa na nyuzijoto 8 hadi 10, nayo Assyrtiko 10 hadi 12. Mvinyo uliopoa kupita kiasi hauna harufu. Kila mshiriki pia awe na maji, mkate usiotiwa viungo na chombo cha kutemea.

Wakati nao uzingatiwe. Katika majira ya joto, saa za Athens hulingana na za Nairobi. Majira ya baridi, Athens huwa nyuma kwa saa moja.

Kikao chenyewe kisizidi dakika 90. Kiongozi awape washiriki dakika mbili za kimya wanuse, waonje na kuandika, kisha ndipo aseme. Akitangulia kutaja limau, wote watadai kuionja limau.

Kabla ya kuaga, ni muhimu washiriki waelezwe mahali mvinyo ulikotoka. Huko Santorini, mizabibu husokotwa chini kama vikapu ili kukinga zabibu dhidi ya upepo na jua, nayo hupata unyevu kutokana na ukungu wa baharini. Mdudu filoksera, aliyeangamiza mashamba ya Ulaya katika karne ya 19, hakustawi katika udongo huo wa volkeno. Ndiposa mizabibu ya huko ingali imesimama juu ya mizizi yake yenyewe.

Urithi huo sasa umo hatarini. Ujenzi wa hoteli za watalii umemeza mashamba, na ukame ulipunguza mno mavuno ya mwaka wa 2023 na 2024. Malagousia ilinusurika kwa kuwa kuna aliyeipanda tena na kuna waliotaka kuinywa. Mkulima wa Santorini naye ataendelea kusokota vikapu vyake iwapo tu zabibu zake zitampa riziki kuliko kuuza ardhi. Mnywaji anayeweza kuitambua Assyrtiko na kuiagiza kwa jina, hata akiwa mbali, humpa mkulima huyo sababu ya kubaki shambani.