Somo la Tisa: Ridhaa ya Mgonjwa Kabla ya Kubadilishiwa Nyonga

Leo twaitazama historia ya kiungo cha bandia, tupate kujua kwa nini mgonjwa huulizwa kabla ya kupasuliwa.

Nyonga ni kichwa cha mfupa wa paja kinachozunguka ndani ya kikombe. Kikombe kikilika, kila hatua ni maumivu. Mwishoni mwa miaka ya 1950, katika hospitali ya Wrightington, Uingereza, Daktari John Charnley alianza kuwatilia wagonjwa kikombe cha plastiki nyororo iitwayo Teflon. Watu karibu 300 walipasuliwa. Walioingia kwa magongo walitoka wakitembea, na furaha ikawa kubwa.

Lakini haukupita muda mrefu Teflon ikalika, na unga wake ukadhuru nyama na mfupa. Wengi ikawabidi wapasuliwe tena. Charnley alijitia vipande vya Teflon na vya polithini katika paja lake mwenyewe. Penye Teflon pakavimba, penye polithini pakatulia. Novemba 1962 akaanza kutumia polithini ngumu, na aina zake zatumika hadi leo.

Je, daktari angaliweza kuwaonya wale wa kwanza? Kwamba Teflon italika, hakujua. Lakini kwamba dawa ni mpya na mwisho wake haujaonekana, hilo lajulikana siku zote, na ni haki ya mgonjwa kuambiwa. Mwaka 2010 aina moja ya nyonga za chuma kwa chuma iliondolewa sokoni duniani kote, kwa kuwa wengi mno walipasuliwa upya.

Sheria nayo imebadilika. Katika hukumu ya Bolam ya mwaka 1957, huko Uingereza, maonyo ya daktari yalipimwa kwa desturi ya madaktari wenziwe. Mwaka 2015, katika kesi ya uzazi ya Montgomery, Mahakama ya Juu ilisema mgonjwa aelezwe hatari ambayo mtu wa hali yake angeijali, pamoja na njia nyingine zilizopo.

Basi kutia dole gumba katika karatasi siyo ridhaa; ridhaa ni kufahamu, kisha kukubali. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Maswali ya kikundi:
1. Mzee anayeweza kutembea kwa mkongojo aelezwe nini kabla ya kukubali kupasuliwa?
2. Mgonjwa akisema, “Fanya upendavyo, daktari,” je, ameridhia?