Mkanada Aliyeniongezea Mwaka wa Nne

Niliacha chuo mwisho wa mwaka wa tatu. Wengi wenu mnaijua hiyo stori, kwa hivyo sitairudia yote: salio la karo, jina kukosa kwenye orodha ya mtihani, basi. Lakini juzi nikiwa kwa matatu nilipiga hesabu nikacheka peke yangu, hadi kondakta akaniangalia vibaya. Kama ningesoma miaka arobaini na kitu iliyopita, mwaka wa tatu ndio ungekuwa wa mwisho. Ningekuwa na digrii saa hii, na picha ya gauni ukutani kwa mamangu.

Sasa nikajiuliza, huu mwaka wa nne ulitoka wapi? Nilidhani jibu litakuwa tu "serikali". Kumbe nyuma yake kuna ripoti, na ripoti ina mwenyekiti. Aliitwa Colin Mackay, na alikuwa Mkanada.

Ngoja turudi nyuma kidogo, ndio muelewe kwamba Mackay hakuwa wa kwanza. 1943 Waingereza waliunda tume ya Asquith iwaambie vyuo vikuu vya makoloni yao vijengwe vipi. Ripoti ilitoka 1945, na ushauri ulikuwa kwamba vyuo vianze kama watoto wa University of London. Mwaka uliofuata wakaunda baraza la wataalamu wa vyuo vya Uingereza la kusimamia hiyo kazi. Makerere ikapitia hapo. Nairobi nayo, ile Royal Technical College iliyofungua milango 1956, ikawa Royal College 1961, na wanafunzi wake wakaendelea kutayarishwa kwa digrii za London hadi 1966. Yaani msee anasoma hapa town, analala hapa town, anakula ugali hapa town, lakini digrii inatoka London.

Na mfumo wa shule ulifuata mwendo wa huko. Miaka 7 ya primari, 4 ya sekondari, 2 ya A-level, halafu 3 chuoni. Hiyo ndiyo 7-4-2-3 ambayo wazee hupenda kuisifu wakitaka kutudharau.

Haya, 1970 University of East Africa ikavunjwa, kila nchi ikachukua chake. Kenya tukabaki na University of Nairobi peke yake. Kufikia miaka ya themanini mapema ilikuwa imejaa, na watoto waliomaliza A-level walikuwa wengi kuliko nafasi. Kwa hivyo 1981 Rais Moi akaunda kikosi kazi na kumpa Mackay uenyekiti. Huyu mzee hakuwa mtu wa kuokotwa tu. Alikuwa wakili, na aliongoza University of New Brunswick kutoka 1953 hadi 1969. Chuo alikijua.

Swali aliloletewa lilikuwa moja: tujenge chuo kikuu cha pili ama tusijenge, na kama ni ndiyo, cha aina gani? Jibu lilikuja na mizigo. Ndiyo, jengeni, na kiwe chuo cha sayansi na teknolojia. Lakini pia ondoeni A-level. Anzisheni 8-4-4. Undeni tume ya kusimamia elimu ya juu. Ni kama umeita fundi akuangalilie bomba la jikoni, akaondoka amekuchorea nyumba mpya. Na wewe ukakubali.

Serikali ilikubali kweli. Moi University ilianza 1984 kule Kesses, nje ya Eldoret, na wanafunzi 83 wa misitu waliohamishwa kutoka Nairobi. 8-4-4 ikaanza 1985, mwaka huo huo sheria ya kuunda tume ya elimu ya juu ikapitishwa.

Sasa hesabu na mimi. 7 na 4 na 2 na 3 ni 16. 8 na 4 na 4 ni 16. Hakuna mwaka uliopotea! Walichukua ile miaka miwili ya A-level wakaigawa, mmoja ukashuka primari, mwingine ukapanda chuoni. Na angalia hii: Mwingereza alituachia digrii ya miaka mitatu kama ya kwao Uingereza. Mkanada akaja, tukapata ya miaka minne, kama kawaida ya kule Amerika Kaskazini. Sisemi alikuwa na njama. Kila mtu huona njia aliyopitia kuwa ndiyo njia.

Na ile mambo ya ufundi tusimwekee yeye yote. Ripoti ya Gachathi ya 1976 ilikuwa imeshadai masomo ya mikono, na wataalamu wa ILO walikuwa wamepita hapa 1972 wakilia kuhusu ajira. Shida ni kwamba karakana zilikuja baada ya silabasi, na wazazi ndio walizichangia kwa harambee. Mamangu anaweza kukuchorea randa na kukutajia kila sehemu yake. Hajawahi kuishika.

Lakini tuachane na randa. Kitu kilichoniuma ni kingine. Mackay alipoandika, mwaka mmoja zaidi chuoni haukuwa adhabu kwa mwanafunzi. Serikali ndiyo ilikuwa inalipa masomo, chakula na malazi, na hela ya matumizi juu, ile wazee wanaiita "boom" na macho yanang'aa. Mwaka wa nne ulikuwa zawadi.

Halafu wakaja washauri wengine. 1988 Benki ya Dunia ilitoa ripoti kuhusu elimu Afrika, na moja ya maneno yake ni kwamba wanafunzi wa vyuo na familia zao wabebe sehemu ya gharama. Kenya ilikuwa inahitaji mikopo, mnajua ilivyo. Watoto wa kwanza wa 8-4-4 walifanya KCSE 1989, wakaingia chuo 1990. 1991 wakaambiwa sasa karo ni shilingi 6,000, na chakula kila mtu ajinunulie. Komredi wakagoma, vyuo vikafungwa. HELB ikaja 1995, na huyo mnamjua vizuri kuliko mimi.

Yaani mshauri mmoja aliongeza mwaka, mwingine akasema mwaka huo ulipiwe na mzazi. Kila ripoti ukiisoma peke yake ina akili. Nani alikaa chini akaziweka zote mbili juu ya meza moja na kujumlisha? Wenye kutia sahihi walikuwa Wakenya, usisahau. Mackay hakuwa na bunge. Benki ya Dunia haikuwa na bunge.

Mdogo wangu aliingia Gredi 10 Januari, kundi la kwanza kabisa. Mfumo wao ni 2-6-3-3-3. Angalia ile tatu ya mwisho. Hiyo ni chuo. Tumerudi pale pale Asquith alituacha, tena bila A-level.

Nilimwonyesha hiyo hesabu akaangalia kidogo, akaniuliza kama sasa mimi nitapewa digrii yangu.