Eneokazi la Linux: Kuingia Rahisi, Kutoka Kazi

Mtumiaji wa Ubuntu anayetaka kuonja KDE huandika amri moja tu: sudo apt install kubuntu-desktop. Vifurushi kwa mamia hushuka kutoka kwenye mtandao, na muda si mrefu mashine ina mazingira mawili ya eneokazi, moja la GNOME na jingine la KDE. Siku akilichoka lile jipya, huandika amri ya kinyume, apt remove kubuntu-desktop. Hapo hupigwa na butwaa. Mfumo humjulisha kwamba kitakachoondoka ni kifurushi kimoja, na nafasi itakayopatikana kwenye diski haifiki hata megabaiti moja. Dolphin, kidhibiti faili cha KDE, imebaki pale pale kando ya Nautilus ya GNOME, kihariri cha Kate kando ya kile cha GNOME, menyu imejaa programu pacha, na pengine nembo ya Kubuntu, yaani Ubuntu yenye KDE, bado inajitokeza kila mashine inapowashwa.

Malalamiko haya yana umri karibu sawa na uhuru wenyewe wa kuchagua eneokazi. X Window System, iliyoanzia chuo cha MIT nchini Marekani mwaka 1984, ilitoa njia ya kuchora madirisha kwenye skrini lakini haikuamua yafanane vipi wala yapangwe na nani. Kazi hiyo iliachiwa programu ndogo za kusimamia madirisha, kama fvwm. Kuiondoa programu ya aina hiyo kulikuwa jambo jepesi: unafuta kifurushi kimoja, na ukipenda unafuta na faili yake ya mipangilio.

Tarehe 14 Oktoba 1996, Matthias Ettrich, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Tübingen nchini Ujerumani, alitangaza mradi wa KDE. Kilichomkera ni kwamba kila programu ya X ilikuwa na mwonekano wake na tabia zake. Alitaka mtumiaji wa kawaida apate kitu kimoja kilichokamilika: paneli, kidhibiti faili, barua pepe, mipangilio, vyote vikizungumza lugha moja. KDE 1.0 ilitoka Julai 1998. Lakini ilijengwa juu ya Qt, zana za kampuni ya Trolltech ya Norwei, ambazo wakati huo leseni yake haikuwaridhisha watetezi wa programu huria. Agosti 1997, Miguel de Icaza na Federico Mena wa Meksiko wakaanzisha GNOME kama jibu, wakitumia GTK, maktaba iliyozaliwa pamoja na programu ya picha ya GIMP. GNOME 1.0 ikafuata Machi 1999.

Kuanzia hapo, eneokazi halikuwa tena programu. Lilikuwa makubaliano kati ya mamia ya vifurushi, na vingi kati yake havikuwa mali ya upande mmoja. Maktaba za sauti, za fonti na za kusoma picha zilitumiwa na GNOME, na KDE, na Xfce ya Olivier Fourdan, kama wapangaji wa nyumba moja wanaochota maji kwenye bomba moja la uani: mmoja akihama, bomba halihami naye.

Kazi ya kujua nini ni cha nani iliachiwa vidhibiti vya vifurushi. Debian, msingi wa Ubuntu, iliyotangazwa na Ian Murdock Agosti 1993, ilikuwa na dpkg, na miaka michache baadaye ikaongezewa APT, inayoleta yenyewe kila kinachohitajika. Tangu zamani dpkg imetofautisha kuondoa na kufuta kabisa. Amri ya remove huchukua programu lakini huacha faili zake za mipangilio ndani ya folda ya /etc, iwapo mwenyewe atabadili mawazo. Amri ya purge huchukua na hizo. Ukiandika dpkg -l kwenye mashine ambayo eneokazi limewahi kuondolewa kwa remove, utakuta safu ya majina yaliyotanguliwa na herufi rc: programu imeondoka, mipangilio ipo.

Kulikuwa na pengo kubwa zaidi. Kwa miaka mingi apt-get haikuweka kumbukumbu ya kipi kimeombwa na mtumiaji na kipi kimeletwa tu kwa sababu kingine kilikihitaji. Aptitude, programu nyingine ya kusimamia vifurushi, iliweka. APT ilipata uwezo huo, pamoja na amri ya autoremove, na kufikia Debian 5.0 ya mwaka 2009 ilikuwa sehemu ya kawaida ya mfumo. Toleo hilohilo lilianza pia kusakinisha, bila kuuliza, vifurushi vinavyopendekezwa tu na vingine. Mkono mmoja ukapewa ufagio, mwingine ukaongeza mizigo. Tena kwa kawaida autoremove haigusi kifurushi ambacho kinapendekezwa na chochote kilichobaki, hata kikidokezwa tu kama nyongeza ya hiari.

Kubuntu-desktop yenyewe ni kifurushi kitupu, orodha ya majina isiyo na programu ndani yake. Awali, mtumiaji wa GNOME aliyeondoa kivinjari cha Epiphany peke yake alikiondoa pia kifurushi kitupu cha gnome, kwa kuwa kilikitegemea; kisha autoremove ikapendekeza kufagia eneokazi zima, kana kwamba halina mwenyewe. Ili kumkinga, APT ikapewa agizo, linalosomeka hadi leo kwenye faili ya 01autoremove, kwamba vitegemezi vya vifurushi vitupu vihesabiwe kuwa vimeombwa na mtumiaji mwenyewe. Kinga hiyo ndiyo inayomfanya mtu wa Kubuntu afute jina na kubaki na mali yote. Hivyo yakazuka mazoea ya kupokezana amri ndefu zenye majina ya vifurushi, moja baada ya jingine, za kubandika kwenye terminali. Amri iliyoandikwa kwa ajili ya toleo moja la Ubuntu ikitumiwa kwenye jingine, huacha mabaki au huchukua kisichotakiwa.

Mwaka 2011 ukaleta mkanganyiko mpya. GNOME 3 ilibadilisha kila kitu, na mtumiaji mmoja wa Arch Linux kutoka Ajentina akaiendeleza GNOME 2 kwa jina la MATE. Kwa kuwa vidhibiti vya vifurushi kwa kawaida haviruhusu kifurushi kimoja kuandika juu ya faili ya kingine, programu zote zilizorithiwa zilibidi zibatizwe upya: Nautilus ikawa Caja, kihariri cha gedit kikawa Pluma, kisoma nyaraka cha Evince kikawa Atril. Ndugu hao wakaweza kuishi kwenye diski moja bila kugombana, na aliyetaka kumfukuza mmoja alilazimika kwanza kujua nani anaitwa nani.

Hatari ya upande wa pili ilionekana Novemba 2021. Linus Sebastian, mtangazaji wa teknolojia wa Kanada, alisakinisha mfumo wa Linux uitwao Pop!_OS akitaka tu kuweka Steam kwa ajili ya michezo. Kasoro katika vitegemezi vya kifurushi ikaifanya APT ipendekeze kuondoa eneokazi lote. Ilitoa onyo, ikamtaka aandike kwa Kiingereza sentensi nzima yenye maana ya "ndiyo, fanya ninavyosema". Akaandika. Alibaki na skrini nyeusi ya maandishi matupu. Baadaye watunzaji wa APT waliiondoa njia hiyo ya kukubali kwa sentensi. Sasa anayetaka kuondoa vifurushi vya msingi sharti alitamke hilo waziwazi ndani ya amri yenyewe.

Hata vifurushi vyote vikiondoka, folda ya nyumbani ya mtumiaji hubaki kama ilivyo, na hilo si uzembe. Humo mna picha na nyaraka zake, na katika vyuo na ofisi nyingi folda hiyo hukaa kwenye seva na kutumiwa na mashine kadhaa: KDE ikiondolewa kwenye mashine moja, huenda bado inatumika kwenye ya pili. Kwa hiyo Debian huvizuia vifurushi kugusa nyumba ya mtu. Zamani mabaki yalijulikana kwa majina, .kde hapa na .gconf pale. Mradi wa freedesktop.org, ulioanzishwa na Havoc Pennington mwaka 2000, ulileta utaratibu wa kuweka mipangilio yote ndani ya .config. Nyumba ikapendeza, lakini mali zikachanganyika. Plasma ya KDE, kwa mfano, huandika kwenye gtk-3.0/settings.ini ili programu za GTK zifanane nayo. Mtu akirejea GNOME, hushangaa kuona baadhi ya programu zake bado zimevaa mavazi ya Breeze, mwonekano wa KDE.

Nix, kidhibiti cha vifurushi cha aina nyingine, iliyoelezwa na Eelco Dolstra katika tasnifu yake ya mwaka 2006 huko Utrecht, ililitatua nusu ya tatizo: kwenye NixOS, eneokazi ni mstari ndani ya faili moja, na ukifutwa mfumo hujengwa upya bila hilo. Fedora nayo humwezesha mtumiaji kuhama kutoka Silverblue yenye GNOME kwenda Kinoite yenye KDE kwa kubadilisha mfumo mzima kwa mkupuo. Kote kuwili, .config haiguswi.

Kwa aliyebaki na Debian au Ubuntu, mafundi hushauri kujaribia eneokazi jipya kwenye akaunti ya pili, ambayo itafutwa pamoja na folda yake. Vifurushi navyo huorodheshwa kwenye /var/log/apt/history.log: tarehe, amri iliyotumika, na kila kilichoingia siku hiyo. Orodha hiyo ndiyo msaada mkubwa kuliko wote wa kuondoa, mradi itafutwe mapema, kwa sababu kwa mipangilio ya kawaida faili hiyo hubadilishwa kila mwezi na nakala zinazotunzwa ni 12 tu.