Peptidi kiamsha utwaaji

Juni na Julai, baridi ya Njombe inapokaza, zahanati za Mahongole na Makambako hupokea watoto wanaokohoa. Muuguzi humfunua mtoto kifua, hutazama saa na kuhesabu pumzi kwa dakika nzima. Kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, pumzi 50 au zaidi ni kupumua kwa kasi kupita kawaida. Kwa aliyetimiza mwaka mmoja na hajafikisha mitano, 40 zinatosha kutia shaka. Mama husema kichomi, kwenye kadi huandikwa nimonia, na mara nyingi dawa ni amoksilini. Kimoja cha visababishi vikuu vya nimonia ni bakteria aitwaye pneumokokasi, ambaye Tanzania inawachanja watoto dhidi yake tangu 2013, wakiwa na wiki 6, 10 na 14.

Bakteria huyu hutoa peptidi, yaani mnyororo mfupi wa asidi amino. Huu wake una asidi amino 17. Kila seli hutoa kidogo. Seli zikiwa nyingi mahali pamoja, peptidi huongezeka mpaka ikanaswa na vipokezi vilivyo kwenye utando wa seli, na hapo jeni kadhaa huwashwa kwa pamoja. Ni kama mkutano mkuu wa kijiji: ajenda haifunguliwi mpaka akidi itimie. Kwa utaratibu huu kwa jumla, "utambuzi wa akidi" ni jina ambalo halihitaji maelezo marefu kwa mtu aliyewahi kuhudhuria mkutano wa ushirika.

Jeni zikishawashwa, seli huanza kuvuta DNA iliyozagaa nje na kuiunga kwenye yake. Hata huwaua jirani ambao hawajaamka, ikajichotea DNA yao. Kwa njia hii pneumokokasi amejipatia vipande vya jeni kutoka kwa Streptococcus mitis, bakteria wa kinywani asiye na madhara kwa watu wengi, na vipande hivyo vimebadilisha protini zinazolengwa na penisilini, dawa ikapungua makali. Amoksilini ni ya ukoo huohuo wa dawa. Ndiyo maana naiona istilahi ya peptidi hii kuwa ya wahudumu wetu wa afya pia, si ya maprofesa peke yao.

Frederick Griffith aliona matokeo ya tabia hiyo ya kuvuta DNA kwa panya mwaka 1928, na mwaka 1944 Avery, MacLeod na McCarty wakaonyesha kwamba kinachohama ni DNA. Mwaka 1965 Alexander Tomasz alieleza kwamba seli zenyewe hutoa kitu kinachowaamsha wenzao. Kitu hicho kilitambuliwa 1995 na Leiv Sigve Håvarstein na wenzake. Mfuatano wake ulipojulikana, maabara ziliweza kuitengeneza peptidi hiyo bila bakteria, kwa mbinu ya Bruce Merrifield ya 1963: asidi amino huunganishwa moja baada ya nyingine juu ya punje ndogo za plastiki.

Sasa jina. Kiingereza huiita, neno kwa neno, peptidi inayochochea umahiri. Mfasiri mwenye haraka atalichukua "umahiri" kwa kuwa limezoeleka kwenye mitaala ya shule. Halifai. Mahiri ni aliyebobea, na bakteria huyu hajabobea. Amekuwa tu tayari kutwaa DNA ya nje, tena kwa dakika chache. "Umilisi" wa wanaisimu una kasoro hiyohiyo. "Upokezi" unakaribia, lakini unagongana na kipokezi, na kupokea ni kupewa, ilhali seli hii huvuta yenyewe. Nachagua "utwaaji". Na kwa kuwa "uchochezi" kwa msomaji wa magazeti ni kosa la jinai, nasema "kiamsha", kwa muundo wa kiamsha kinywa.

Ile iliyotengenezwa maabara isiitwe bandia. Nchini kwetu dawa bandia ni dawa ya kughushi, na peptidi hii ni halisi kwa kila asidi amino. Mwanafunzi aliyesoma usanisinuru tayari anao mzizi tunaouhitaji: peptidi sanisi kiamsha utwaaji.

Mtafiti huipata ikiwa unga mweupe katika kichupa, kwa utafiti tu, si kwa tiba. Huiyeyusha na kuweka nanogramu 100 hivi kwa kila mililita ya mchuzi wenye bakteria, pamoja na DNA anayotaka itwaliwe. Ndani ya dakika 20 hivi seli nyingi zimeamka. Muda si mrefu baadaye zimelala tena. Ikiwa DNA hiyo ina jeni ya usugu dhidi ya antibiotiki, seli zilizoitwaa ndizo zitakazoota kwenye sahani yenye dawa hiyo.

Zipo aina mbili kuu za peptidi hii, na bakteria mwenye kipokezi cha aina ya kwanza kwa kawaida haitikii ya pili. Kwa hiyo jina kwenye kichupa halikamiliki bila namba: kiamsha utwaaji 1, au kiamsha utwaaji 2.