Giaboksi inasumbua? Soma namba ya chesisi kabla hujanunua nyingine

Alfajiri, barabara ya kutoka Mjini kwenda Kizimkazi huwa na magari ya wageni. Noah, Alphard na Hiace zinawahi pwani kabla jua halijapanda, kwa sababu wanaokwenda kuangalia pomboo wanataka kuwa baharini mapema. Ni safari ya zaidi ya kilomita 50, gari limejaa watu na mizigo, kiyoyozi kinafanya kazi mwanzo hadi mwisho. Karibu na Kitogani dereva anakanyaga mafuta, injini inapiga kelele, lakini mwendo hauongezeki. Anaweka gari pembeni, anazima, anasubiri kidogo, anawasha, linakwenda. Wiki ijayo mambo ni yale yale.

Fundi akilisikia hilo, mara nyingi jibu lake ni moja: giaboksi imekufa, tafuta nyingine ya mtumba. Kwa mwenye gari moja tu, ambalo ndilo linalopeleka chakula nyumbani na watoto skuli, hiyo ni hukumu nzito. Wasikilizaji wetu wa Kizimkazi Dimbani na Mkunguni wametuuliza kama ni kweli kwamba kampuni iliyotengeneza gari inaweza kuwa ilishakiri kosa na kuahidi kulitengeneza bure. Kwa baadhi ya magari, ndiyo, ni kweli. Shida ni kwamba barua ya kumjulisha mwenye gari ilitumwa Japani, kwa mtu ambaye gari hilo alishaliuza.

Kurejeshwa kwa magari ni nini

Kampuni ikigundua kwamba magari yake yametoka kiwandani na kasoro inayoweza kuhatarisha watu, inatangaza kwamba yarudishwe kwa mawakala wake yakarekebishwe bila malipo. Nchini Japani kampuni inapeleka taarifa kwa Wizara ya Ardhi, Miundombinu, Uchukuzi na Utalii, kisha mwenye gari anaandikiwa barua. Anapeleka gari, linatengenezwa, anaondoka.

Mnyororo huo unakatika siku gari linapouzwa nje. Usajili wake wa Japani unafutwa, gari linapakiwa melini, linashushwa kwetu, linapata namba mpya na mwenye mpya. Kampuni haimjui mtu huyo. Yeye naye hajui kwamba kuna kitu alichokuwa anadaiwa kufanyiwa. Kasoro imesafiri na gari, barua imebaki nyuma.

Si kila ubovu wa gia umo katika mpango huo. Gari lenye umri wa miaka 15 lililobeba abiria kila siku linachakaa, na hakuna kampuni itakayolipia uchakavu. Ila lazima ujue kwanza uko upande gani, maana dawa zake hazifanani.

Kisa cha Honda

Mfano mzuri ni wa Honda. Septemba 2013 kampuni hiyo ilianza kuuza Japani Fit mpya ya haibridi, yenye giaboksi ya gia saba na klachi mbili, na mota ya umeme ikiwa ndani ya giaboksi hiyo hiyo. Ndugu yake, Vezel, ilifuata mwishoni mwa mwaka ikiwa na mtambo wa aina hiyo. Haikupita hata miezi miwili tangu Fit iingie sokoni, tangazo la kwanza la kuirejesha likatoka. Desemba likatoka la pili. Februari 2014 likatoka la tatu, lililogusa zaidi ya magari 81,000 ya Fit na Vezel: programu inayoongoza giaboksi ilikuwa na kasoro, na gia ziliweza kushindwa kushikana, gari likachelewa kuondoka au lisiondoke kabisa.

Julai 2014 likaja jingine, mara hii la programu ya injini, kwa zaidi ya magari 175,000. Oktoba likaja la tano. Lawama zilikuwa kubwa kiasi kwamba rais wa kampuni wakati huo, Takanobu Ito, na viongozi wenzake walikubali kukatwa mishahara kwa miezi mitatu.

Tufikirie mtu aliyenunua gari hilo wiki za mwanzo. Amepeleka gari, ameambiwa limepona. Baada ya wiki kadhaa anaitwa tena kwa giaboksi ile ile. Kwake ni usumbufu na hasira, lakini angalau aliitwa. Magari ya miaka hiyo sasa yako Afrika Mashariki. Utayaona zaidi Mombasa na Nairobi, na baadhi yamefika huku. Aliyeletewa Fit au Vezel hapa Unguja hana barua hata moja, na huenda gari lake lilifanyiwa marekebisho mawili na kuukosa wa tatu.

Kuna jambo moja katika kisa hiki tungependa kila fundi wa gereji za vijijini alijue. Katika tangazo la Februari 2014 kilichobadilishwa hasa ni programu katika kompyuta ya gari. Spana haifiki huko. Ukishusha giaboksi na kupandisha ya mtumba iliyotoka kwenye gari la aina ile ile, huku kompyuta ikiwa na programu ile ile ya zamani, umelipa fedha nyingi na kasoro bado iko kwenye gari.

"Tatizo ni uendeshaji wako"

Wenye magari wengi wanaudhika zaidi na maneno wanayojibiwa kuliko ubovu wenyewe. Australia, wateja walionunua Ford aina ya Fiesta, Focus na EcoSport zenye giaboksi ya klachi mbili walilalamika kwamba magari yanatetemeka yakianza kuondoka. Wengi waliambiwa kwamba chanzo ni namna wanavyoendesha. Tume ya ushindani na walaji ya nchi hiyo iliipeleka kampuni mahakamani, na Aprili 2018 Mahakama ya Shirikisho iliamuru Ford Australia ilipe faini ya dola milioni 10 za nchi hiyo kwa namna ilivyowatendea waliolalamika.

Tunakitaja kisa hicho kwa sababu maneno hayo hayo husikika hapa kwetu kutoka kwa wauza magari. Gari limetoka bandarini juzi, leo linatetemeka, na mnunuzi anaambiwa hajui kuendesha otomatiki. Asikubali jibu hilo la mdomo. Adai mashine ya kusoma kompyuta ya gari iunganishwe mbele yake, na namba za makosa zitakazotokea ziandikwe kwenye karatasi.

Kuangalia kwa simu

Chukua kadi ya gari au fungua boneti usome kibao cha chuma. Gari lililotengenezwa kwa soko la Japani halina namba ndefu ya tarakimu na herufi 17 kama magari ya Marekani au Ulaya. Lina herufi na tarakimu za modeli, kistari, halafu namba ya gari lenyewe. Noah ya kuanzia 2007, kwa mfano, huanza na ZRR70 au ZRR75. Ndiyo maana ukiingiza namba hiyo kwenye tovuti za Marekani unaambiwa imekosewa. Haikukosewa, umegonga mlango usiokuwa wake.

Nenda kwenye tovuti ya Japani ya kampuni iliyotengeneza gari: Toyota, Honda, Nissan, Suzuki na wengineo wana ukurasa wa kutafuta kwa namba ya chesisi. Kurasa nyingi ni za Kijapani, kwa hiyo washa tafsiri ya simu, au mpe kijana wa nyumbani akusaidie. Ukurasa utakuambia kama gari lako limo kwenye tangazo lolote na kama kazi ilifanyika. Piga picha ya skrini uihifadhi. Huduma hiyo ni bure. Anayekuambia utume fedha ndipo akuangalizie "kwenye mfumo" anataka fedha zako tu.

Hata bila ya intaneti kuna alama ya kutafuta. Kwa miaka mingi mawakala wa Japani wamekuwa wakibandika kistika kidogo chenye namba karibu na komeo la mlango wa dereva, kuonyesha kwamba marekebisho ya tangazo fulani yamekamilika. Fungua mlango, angalia kwenye fremu. Ukikiona, usikibandue wakati wa kupaka rangi. Usipokiona, usihitimishe chochote mpaka uangalie namba.

Ukiwa umo humo, angalia pia mfuko wa hewa wa usukani. Mifuko iliyotengenezwa na kampuni ya Takata imesababisha urejeshaji mkubwa kuliko wote katika historia ya magari, mitambo ya kujaza hewa ipatayo milioni 100 duniani kote. Baruti yake huharibika kwa joto na unyevunyevu wa miaka mingi, kisha mtambo unaweza kupasuka na kurusha vipande vya chuma kwa dereva. Joto na unyevunyevu ndiyo hali ya hewa yetu. Gia mbovu itakulaza njiani, hii inaua. Kwa hiyo tangazo la mfuko wa hewa likitokea kwenye namba yako, lishughulikie kwanza.

Ukikuta kazi haijafanyika

Chapisha ukurasa ule na uende kwa wakala halali wa kampuni, hata kama ni Dar es Salaam. Tuseme ukweli: gari la mtumba halikuuzwa na wakala huyo, na si kila mmoja atakupokea kwa mikono miwili. Ombi lako liwe kwa maandishi, na jibu lidai kwa maandishi vile vile. Kama gari umelinunua kwa mfanyabiashara hapa Zanzibar naye anakataa kukusikiliza, mlango wa kugonga ni Tume ya Ushindani Halali wa Biashara ya Zanzibar. Nenda na risiti, mkataba wa mauziano na ile karatasi ya namba za makosa. Asiye na risiti atapata taabu, na wengi wetu tunanunua magari kwa kupeana mikono.

Kabla ya kununua, mambo ni mepesi zaidi. Muombe muuzaji namba ya chesisi, iangalie usiku ule ule, na kama kuna kazi haijafanyika iwe sehemu ya bei. Muuzaji anayekataa kutoa namba ya chesisi ameshakujibu.

Ukikuta namba ni safi

Basi tafuta kwenye mafuta ya giaboksi, kwani huko ndiko magari mengi ya shamba yanakoharibikia. IST ya mwanzo, iliyotoka 2002, ina otomatiki ya kawaida ya gia nne. Noah ya kuanzia 2007 ina CVT, giaboksi isiyo na gia za hatua bali mkanda wa chuma unaozunguka kati ya puli mbili. Mkanda huo unategemea mafuta yenye mshiko maalumu. Ukiweka mafuta ya otomatiki ya kawaida, unateleza na kuzikwangua puli. Kwenye chupa za Toyota, ya CVT imeandikwa TC au FE. Ya otomatiki ya kawaida imeandikwa T-IV au WS. Kitabu cha gari au kibandiko chake ndicho cha kufuata, si rangi ya mafuta. Tumesikia mara nyingi fundi akisema "haidroliki zote ni moja". Si moja.

Kwa magari ya Kizimkazi kuna na chumvi. Gari lililoingizwa majini ufukweni, magurudumu yakazama kuvuta boti, linaweza kuingiza maji kwenye giaboksi kupitia tundu lake la kupumulia. Mafuta yakitoka yanafanana na chai ya maziwa, usiliwashe tena gari hilo mpaka yamwagwe yote.

Na likikufia njiani, usikubali lifungwe kamba na kuvutwa hadi Mjini magurudumu yote yakiwa chini. Pampu inayosambaza mafuta ndani ya giaboksi ya otomatiki inazungushwa na injini. Injini ikiwa imezimwa na magurudumu yanazunguka, vyuma vinasagana vikavu, na giaboksi iliyokuwa na kasoro ndogo inafika gereji imekufa kweli. Noah nyingi zinasukumwa na magurudumu ya mbele: hayo ndiyo ya kuinuliwa. Kama yako inasukumwa na magurudumu yote manne, tafuta gari la kuibeba yote juu, au iache pale pale kwa mwenyeji unayemuamini mpaka lipatikane.